Maagizo Mawili, Sahihi Moja

SWALI

Mshauri wetu mpendwa, pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Mimi ni kijana wa miaka 26, na miezi mitatu iliyopita niliajiriwa kuwa mwakilishi wa mauzo katika kampuni inayosambaza sabuni, unga na mafuta ya kupikia. Eneo langu ni Kondele, Manyatta na Mamboleo, na siku moja kila wiki huenda Ahero. Wakati wa mahojiano niliambiwa kwamba miezi mitatu ya kwanza ni ya kujifunza njia na kufungua wateja wapya, na kwamba hakuna atakayeniuliza nimeuza kiasi gani. Wiki ya pili nilikuta jina langu ubaoni, limewekewa lengo la mauzo sawa na la wenzangu waliokaa miaka minne.

Hilo ningelivumilia. Linaloninyima usingizi ni kwamba meneja wa mauzo hunisisitizia nisirudi na mzigo garini, na kwamba mwenye duka asiye na fedha nimwachie bidhaa alipe baada ya siku 14. Mhasibu naye ameniita mara mbili kuniambia kwamba hakuna duka jipya linaloruhusiwa kukopeshwa, na wiki iliyopita alinipa fomu ya kutia sahihi, inayosema kwamba deni lolote lisilolipwa na wateja niliowafungua mimi litakatwa kwenye mshahara wangu. Meneja wa tawi, ambaye ndiye mkubwa wa hao wawili, hunisifu tukikutana kwenye ngazi, kisha Ijumaa jioni huweka orodha ya mauzo kwenye kundi la WhatsApp, jina langu limezungushiwa rangi nyekundu. Kipindi changu cha majaribio kinaisha baada ya miezi mitatu. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi, nami naona nimekuwa nyasi. Je, nimtii nani? Nachelea kuuliza, nisije nikaonekana sijaielewa kazi.

Msomaji, Kisumu

JIBU

Mwanangu, nianze na hiyo fomu, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja hadi Jumatatu. Hukusema kama umekwisha kuitia sahihi. Ikiwa bado, usiitie kwa sasa. Mwambie mhasibu kwa adabu kwamba ungependa kwenda nayo nyumbani uisome kwa utulivu, na umwombe nakala. Ikiwa umekwisha kuitia, omba nakala vilevile, na uandike mahali siku uliyoitia na maneno uliyoambiwa siku hiyo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, inaorodhesha makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kuyafanya kwenye mshahara. Miongoni mwake kuna upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unataja wazi kwamba amekabidhiwa kazi ya kupokea na kutunza fedha, na kuna hasara ya mali iliyosababishwa na kosa alilolifanya mfanyakazi kwa makusudi. Mwenye duka wa Manyatta aliyepewa katoni za sabuni kwa agizo la meneja wako, kisha akashindwa kulipa, ni mtu mwingine kabisa, na deni lake si upotevu ulioufanya wewe. Kifungu hichohicho kinasema kwamba makato yote yakijumlishwa hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Kwa hiyo fomu ya namna hiyo inastahili kusomwa na afisa wa kazi wa Serikali, ambaye ofisi yake ipo hapo Kisumu, kabla ya kusomwa na kalamu yako. Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu nimewaona vijana wengi wakitia sahihi karatasi za aina hii huku wamesimama, mkono mmoja umeshika funguo za gari la mzigo, wakidhani ni taratibu za kawaida za siku ya kwanza.

Sasa nije kwa fahali wako. Methali ni nzuri, ila sidhani kama inalingana na hali uliyonieleza. Fahali wa kwenye methali wanapigana na wanajua kwamba wanapigana. Meneja wako wa mauzo na mhasibu wako, kwa jinsi ninavyoisoma barua yako, pengine hata hawajui kwamba wamegongana, kwa kuwa kila mmoja amekupa agizo lake faraghani, akiwa na yakini kwamba analolisema ndilo la kampuni. Wewe ndiwe mtu pekee uliyeyasikia yote mawili. Hiyo ndiyo taabu yako, na papo hapo ndipo penye nguvu yako, kama nitakavyoeleza.

Jiulize kwanza kila mmoja wao hujibu nini anapoulizwa na wa juu yake. Meneja wa mauzo huulizwa katoni ngapi zimetoka ghalani mwezi huu. Mhasibu huulizwa shilingi ngapi zimeingia benki na ngapi zingali nje. Katoni iliyoachwa dukani kwa mali kauli inampandisha wa kwanza siku hiyohiyo, nayo inamshusha wa pili hadi siku itakapolipwa. Wala usimwone mhasibu kuwa mtu mwenye roho ngumu. Tuseme unaliachia duka moja bidhaa za Sh40,000 ambazo kampuni ilizinunua kwa Sh38,000. Faida ni Sh2,000. Mwenye duka akihama usiku, kampuni imepoteza Sh38,000, na ili kuzirudisha itabidi maduka mengine 19 yachukue mzigo kama huohuo na kulipa kikamilifu hadi senti ya mwisho. Ukiijua hesabu hii utaelewa kwa nini anakuita ofisini mara mbili. Lakini meneja wa mauzo naye ana ukweli wake, kwa sababu duka dogo la mtaani ambalo halijapata kupewa hata siku saba litanunua katoni mbili mbili maisha yake yote, na msambazaji mwingine atakayekuja na siku kumi atalichukua.

Ninaongea kama mtu aliyekwisha kuungua. Miaka mingi iliyopita, nikiwa Nakuru, niliuza mafuta ya kupikia kwa kampuni moja, nami pia nilikuwa na wakubwa wawili waliosema mambo mawili. Nilimtii yule mwenye sauti kubwa zaidi, kwa sababu ndiye aliyenipigia simu kila asubuhi. Kulikuwa na mwenye duka huko Kaptembwa, mtu mpole aliyekuwa akinikaribisha chai, nami nikamwachia katoni 12 alipe baada ya wiki mbili. Siku ya 15 nilipofika nilikuta mlango una kufuli jipya. Nilichungulia kwenye ufa wa mbao nikaona rafu tupu, na ukutani bado bango la mafuta yetu, nililolibandika mwenyewe kwa gundi ya unga. Mama aliyeuza maandazi mlango wa pili aliniambia kwamba jirani yake alipakia vitu vyake Ijumaa usiku. Ofisini lilifunguliwa faili. Ndani mlikuwa na hati ya kupokelea mzigo, na chini yake sahihi mbili: ya mwenye duka na yangu. Meneja aliyekuwa akinipigia simu kila asubuhi akisema mpe, mpe, aliitazama ile hati kama kitu asichopata kukisikia, na sikuwa na mstari mmoja wa maandishi wa kumkumbusha. Nilikatwa mshahara miezi minne. Wafanyabiashara wetu husema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi mali yangu ilikuwa na daftari. Agizo ndilo lililokuwa halina.

Kwa hiyo swali lako la nani umtii nitalijibu hivi: usimchague yeyote kati ya hao wawili. Ukimchagua mmoja, umeikata wewe tofauti iliyo kati ya wakubwa wako, na umeikata kwa sahihi yako, ilhali hukuajiriwa wala hulipwi kwa kazi hiyo. Aliyeajiriwa kuikata ni meneja wa tawi. Mpelekee.

Namna ya kumpelekea ina uzito kuliko unavyodhani. Usilitoe jambo hili kwenye mkutano mbele ya wote wawili, kwani hapo utakuwa umewafanya watetee heshima zao, na mtu anayetetea heshima yake haamui jambo vizuri. Usiliweke kwenye kundi la WhatsApp. Wala usianze na barua, kwa sababu kwetu mdogo anayemwandikia mkubwa kabla ya kusema naye huonekana anashtaki. Nenda asubuhi mapema, kabla hajazongwa na simu, umwombe dakika kumi. Sema naye kwa mdomo. Kisha siku hiyohiyo, kabla ya saa sita mchana, mtumie ujumbe wa barua pepe na nakala kwa wote wawili, ukisema hivi au kwa maneno yako yanayokaribiana na haya:

"Mheshimiwa Meneja, asante kwa muda ulionipa asubuhi. Kama tulivyozungumza, naomba mwongozo mmoja kuhusu maduka mapya ya Kondele na Ahero. Idara ya mauzo imenielekeza niyape siku 14, na idara ya fedha imenielekeza nisiyakopeshe. Wiki hii maduka saba yameomba mkopo wa jumla ya Sh96,000, na orodha yake nimeiambatanisha. Naomba kujua ni maduka ya aina gani yakopeshwe, kwa kiwango gani, na ni nani atakayeidhinisha. Hadi nitakapopata jibu lako, nitauza kwa fedha taslimu."

Uutazame ujumbe huo vizuri. Hauna lawama, haumtaji mtu kwa jina, na unataja idara kwa idara, maana ukiandika "Bwana fulani aliniambia" umeshaanzisha kesi. Tarakimu za maduka na shilingi ninazozitaja ni za mfano tu. Weka zako, tena za kweli, kwa kuwa meneja anaweza kuupuuza wasiwasi wa kijana mgeni, lakini ni vigumu kuipuuza orodha ya maduka yenye majina na kiasi. Na sentensi ya mwisho ndiyo ngao yako: inasema utafanya nini iwapo hakuna atakayejibu, hivyo hata kimya chao kitakuwa na maana inayojulikana. Unaogopa kuonekana hujaielewa kazi. Mtu anayeuliza "nifanye nini?" huenda akaonekana hivyo. Mtu anayekuja na maduka saba, kiasi wanachotaka na swali moja la kuamuliwa huonekana kama mtu anayelijua eneo lake.

Kwa nini nimesema uuze kwa fedha taslimu wakati ukingoja, na si kinyume chake? Kwa sababu mzigo ambao hukuuacha leo unaweza kuuacha Jumatano ijayo, lakini ulioachwa na kukataliwa malipo haurudi ghalani. Kati ya maagizo mawili yanayopingana, fuata kwa muda lile ambalo kosa lake linaweza kurekebishwa. Utapoteza mauzo kadhaa, na jina lako huenda likazungushiwa rangi nyekundu Ijumaa moja au mbili zaidi. Nakubali kwamba hiyo inauma, tena mbele ya wenzako. Ila inauma kwa wiki mbili.

Katika wiki hizo mbili usikae bure. Nunua daftari kubwa la kaunta na ukurasa mmoja uupe kila duka: jina la mwenye duka, alichotaka, alichochukua, na sababu ya tofauti. Hiyo safu ya sababu ndiyo yenye utajiri. Huko Ahero utakuta mwenye duka anayesema atakuwa na fedha mpunga ukivunwa, kwa kuwa wateja wake ni wakulima wa mashamba ya kunyunyizia. Ukiwahi kupelekwa Muhoroni au Chemelil, utakuta duka zima linangoja malipo ya miwa. Januari utasikia karo kila mlango. Huyu wa mpunga, siku 14 hazimfai; anahitaji mpango unaolingana na mavuno, au asipewe kabisa. Meneja wa mauzo hayajui haya akiwa ofisini, wala mhasibu hayajui, na mkataa wao juu ya mkopo utakuwa mbaya mpaka mtu awaletee. Kampuni nyingi za usambazaji humaliza ugomvi wa aina hii kwa njia ya kati: duka jipya hulipa taslimu oda tatu au nne za mwanzo, kisha hukopeshwa kiasi kisichozidi wastani wa oda hizo, na halipewi mzigo mwingine hadi deni la kwanza lilipwe. Ukishakuwa na kurasa zako, unaweza kumpendekezea meneja wa tawi mpango huo ukiwa umeshika ushahidi mkononi.

Kuhusu sifa za kwenye ngazi na rangi nyekundu ya Ijumaa, nisingeyapa uzito sawa. Maneno ya kwenye ngazi ni ukarimu wa mtu, na huenda ni ya kweli. Orodha ya Ijumaa pengine anaiandaa kwa sababu naye ana anayemdai orodha. Kinachokuhusu ni kitu cha tatu ambacho hakuna aliyekutajia: mwisho wa kipindi cha majaribio utapimwa kwa nini? Kwa wateja wapya, kama ulivyoambiwa kwenye mahojiano, au kwa lengo lililo ubaoni? Liulize katika dakika zako kumi zilezile. Kifungu cha 10 cha Sheria niliyoitaja kinamtaka mwajiri akupe kwa maandishi masharti ya ajira yako, ikiwemo maelezo ya kazi, ndani ya miezi miwili tangu ulipoanza, na masharti hayo yakibadilika ashauriane nawe na kukuarifu kwa maandishi. Umetimiza miezi mitatu. Kama barua yako ya ajira haisemi lolote juu ya lengo la mauzo, una haki ya kuuliza lengo la ubaoni limetoka wapi. Ujue pia, chini ya kifungu cha 42, kwamba majaribio hayapaswi kuzidi miezi sita, kwamba yanaweza kuongezwa kwa miezi mingine isiyozidi sita kwa ridhaa yako tu, na kwamba mkataba wa majaribio unaweza kuvunjwa na upande wowote kwa notisi ya siku zisizopungua saba. Siku saba ni chache. Ndiyo maana nakuhimiza uulize sasa, ukiwa na miezi mitatu mbele yako, wala usingoje wiki ya mwisho.

Wiki mbili zikipita bila jibu lolote, mkumbushe mara moja kwa ujumbe mfupi juu ya uleule wa kwanza. Ikiwa jibu litakuja kwa mdomo tu, liandike wewe na ulirudishe kwake: "Nimeelewa kwamba umeamua hivi, naomba unisahihishe kama nimekosea." Na ikiwa jibu litakuwa kwamba uwakopeshe wote, na fomu ya makato uitie sahihi vilevile, basi hapo sitakuficha: anza kutafuta kazi nyingine ungali na hii, kwa sababu kampuni inayotaka faida ya mkopo iwe yake na hasara iwe ya kijana wa majaribio imekwisha kuamua, na imeamua juu yako.

SWALI

Nami nina neno linalokaribiana na hayo. Nauza mbegu na pampu za kunyunyizia dawa kwa maduka ya pembejeo ya Njoro, Elburgon na Molo. Nilipoajiriwa, meneja alinitajia kwa mdomo kamisheni ya asilimia tatu ya mauzo. Mwisho wa mwezi mtu wa mishahara alinikokotolea kwa fedha zilizokusanywa tu. Nikimrudia meneja anasema nisiwe na wasiwasi, tutaelewana. Nifanyeje?

Dada msomaji, Nakuru

JIBU

Dada yangu, "mauzo" ni neno lenye tumbo kubwa. Kwa meneja wako ni mzigo uliotoka. Kwa mtu wa mishahara ni fedha zilizoingia. Na huenda wote wawili ni waaminifu. Njia ya kukokotoa malipo ni miongoni mwa mambo ambayo kifungu cha 10 nilichokitaja hapo juu kinataka yaandikwe, kwa hiyo huombi hisani.

Usiende kubishana juu ya neno. Chukua ankara moja halisi, kwa mfano ya duka la Molo lililochukua pampu za Sh60,000, likalipa Sh25,000 na kubakiza Sh35,000. Kwa hesabu ya kwanza kamisheni yako ni Sh1,800. Kwa hesabu ya pili ni Sh750 kwa sasa, na Sh1,050 siku deni litakapolipwa. Waombe meneja na mtu wa mishahara waitazame ankara hiyo pamoja, na mmoja wao aandike pembeni kwa kalamu yake ni hesabu ipi inayotumika, na kamisheni ya deni lililosalia utalipwa mwezi upi. Uliza pia itakuwaje duka likirudisha pampu. Piga picha karatasi hiyo, kisha watumie wote wawili kwa barua pepe. Fanya hivyo kabla mzigo wa msimu wa kupanda wa Machi haujaanza kutoka ghalani, maana huo ndio mzigo wako mkubwa wa mwaka.